Tununue Wapi: Mtwapa au Takaungu?

Kwa miezi mitatu sasa nyumbani kwangu pana baraza la watu wawili ambalo bado halijaafikiana. Wajumbe wake ni mimi na mke wangu, na shauri lililo mbele yetu ni moja tu: fedha tulizo nazo zatosha nyumba ndogo moja, au kiwanja kimoja cha kujengea. Je, tukanunue Mtwapa au tukanunue Takaungu? Madalali wa pande zote mbili hutupigia simu hata kabla ya chai ya asubuhi. Marafiki wa kahawani nao kila mmoja ana lake, na anayesema kwa nguvu zaidi ni yule ambaye hajapata kununua hata banda la kuku.

Nimeona nilitoe shauri hili gazetini, si kwa kuwa nyumba yangu ni jambo la taifa, bali kwa sababu nawajua wasomaji wengi wa pwani walio katika njia panda hii hii. Wako waliostaafu bandarini, wako waliorudi kutoka Arabuni na akiba ya miaka mingi, wako wajane waliopata fungu lao la mirathi na hawataki liyeyuke mikononi. Wote hao wanataka kitu kimoja, nyumba karibu na bahari. Na wote huulizana swali lile lile: je, ni bora mji uliochangamka au mji mtulivu?

Kwa asiyeijua sehemu hii, Mtwapa na Takaungu ziko katika Kaunti ya Kilifi, juu ya barabara ile ile moja itokayo Mombasa kwenda Malindi. Mtwapa unaifikia mara tu ukivuka daraja la hori lake, safari fupi ya matatu kutoka kisiwani. Takaungu iko mbali zaidi, kiasi cha kilomita 50 kutoka Mombasa, tena yakupasa uiache barabara kuu uelekee baharini kwa pikipiki. Ukisimama barabarani hutajua kwamba kule mbele pana mji wenye historia ndefu kuliko maduka yote uliyoyapita njiani.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili lanikera moyo. Nilizaliwa Mombasa, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, kuta za udongo na boriti, bati juu. Nyumba ilikuwa ya baba, lakini ardhi haikuwa yake. Wenyeji wa Mombasa hawana haja ya kuelezwa mtindo huu wa nyumba bila ardhi. Mitaa mizima imejengwa hivyo. Mtu hujenga kuta zake juu ya ardhi ya mwingine, na kila mwezi hulipa kodi ya ardhi. Baba alizihifadhi stakabadhi zake zote katika mkebe wa biskuti, zimefungwa uzi, mwaka kwa mwaka. Akafariki akiamini kwamba ametuachia nyumba.

Alichotuachia ni kuta. Warithi wa mwenye ardhi waliuza, mnunuzi akaitaka ardhi yake iwe tupu, na ule mkebe wa stakabadhi ukawa shahidi wa jambo moja tu, kwamba tulikuwa wapangaji. Siku ya kuhama tulibomoa wenyewe kwa mikono yetu ili tuokoe cha kuokoka: mabati, boriti zilizokuwa bado nzima, na ule mlango wa mbele wa mbao ngumu ambao baba aliununua kwa fundi mmoja wa Mji wa Kale. Mlango huo ninao hadi leo. Umeegemea ukuta wa nyumba ya kupanga ninamokaa, na mwenye nyumba ameniuliza mara mbili kama nauuza.

Basi msomaji atanielewa nikisema kwamba mimi sitafuti mandhari. Natafuta mahali ambapo udongo ulio chini ya kitanda changu utakuwa wangu, na siku nitakapoitwa wanangu wasishike nyundo.

Tena katika fedha hizi nusu si zangu. Mke wangu ameuza bangili na mkufu wake, navyo ni mali yake ambayo dini yetu hainipi ndani yake hata kipande cha ukucha. Nimeona waume wengi wakinunua viwanja kwa dhahabu ya wake zao, kisha hati ikatoka kwa jina moja. Hati yetu itatoka kwa majina mawili. Na kwa kuwa ni hivyo, sauti yake katika baraza letu si ya ushauri, ni ya nusu nzima.

Yeye alianza na Mtwapa. Mimi nilianza na Takaungu. Tulikubaliana kila mmoja akalale kule asikokupenda, ili asihukumu kwa kusikia.

Mtwapa ina sifa mbaya kwa watu wetu, na sehemu ya sifa hiyo imestahili. Mji ule hauna usiku. Nililala kwa jamaa yangu, mtaa wa pili tu kutoka barabara kuu, na mpaka saa tisa za usiku ngoma za kilabu zilikuwa zikigonga dirisha kama mtu aliyesahau ufunguo. Mabaa yamepangana. Wageni wazee wa Kizungu hupita na wasichana wenye umri wa wajukuu zao, na hakuna ashangaaye. Mzazi mwenye binti wa miaka 14 ana haki ya kuyatazama hayo na kurudi nyuma.

Lakini sikwenda kutafuta mabaya, kwa hivyo sina budi kusema na mengine. Alfajiri nilikwenda msikitini nikitarajia safu moja ya wazee. Nikakuta safu nne, na wengi wao vijana: madereva wa tuktuk, wauza samaki, walinzi waliotoka zamu, kijana mmoja aliyevaa sare ya hoteli. Njiani tulikuwa tumepishana na waliokuwa wakirejea kutoka zile ngoma, na mmoja wao alitutolea salamu ya Kiislamu, kisha akainamisha kichwa. Nilirudi nyumbani nikifikiri kwamba katika mji kama ule mtu huenda msikitini kwa kukata shauri. Hakuna jirani anayemtazama kama amekwenda au hakwenda. Safu ile ilikuwa imejengwa kwa nia.

Tena watu husahau kwamba Mtwapa si mtoto wa jana. Wamtwapa ni miongoni mwa Tisa Taifa wa Mombasa. Wako wasomaji wa ukurasa huu ambao babu zao walibeba jina hilo. Na hatua chache kutoka kwenye zogo la leo, chini ya mibuyu, kuna magofu ya Jumba la Mtwana. Nilikwenda huko baada ya chai. Mji ule wa mawe ulijengwa katika karne ya 14, ukaachwa kiasi cha miaka mia baadaye, na James Kirkman akaufukua mwaka 1972. Una misikiti minne. Mmoja uko karibu sana na maji hivi kwamba ukisimama kiblani wasikia wimbi, na kando yake pana kaburi lenye aya kuhusu mauti.

Kilichonisimamisha hata hivyo ni nyumba moja waiitayo Nyumba ya Milango Mingi. Wataalamu hudhani ilikuwa ya kukodisha, vyumba vya wageni na wafanyabiashara waliopita. Nilicheka peke yangu. Kumbe vyumba vya kupangisha Mtwapa si uvumbuzi wa madalali wetu! Watu wa mahali pale walijua zaidi ya miaka 600 iliyopita kwamba mgeni akija baharini hutaka pa kulala, na mwenyeji hutaka kodi. Kwa nini waliondoka, hakuna aliyeandika. Wengine husema ni biashara kuhamia kwingine, wengine vita, wengine maji ya kunywa.

Maji, naam. Hapo Mtwapa ya leo yapasa iulizwe swali gumu. Maji ya bomba yatoka mbali, kwenye visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na yanagawanywa kwa miji mingi mpaka Mombasa. Mifereji ikikauka hutegemea mkokoteni na madumu. Wanaochimba visima viwanjani mwao wakumbuke kwamba mwamba wetu wa matumbawe una matundu kama sifongo: shimo la choo la jirani na kisima chako huzungumza chini kwa chini, na ukivuta sana bahari nayo huja kusikiliza. Kila ghorofa jipya la vyumba 20 ni mashimo mapya na ndoo mpya. Dalali hatakwambia haya. Atakwambia kiwanja kiko "second row". Ukimwuliza maana yake atakuonyesha kwa kidole ukuta wa mtu mwingine, na nyuma ya ukuta huo ndiko iliko bahari.

Pamoja na hayo, anayetafuta kodi ya mwezi asidanganyike na maneno ya washairi. Anunue Mtwapa. Chumba hakikai wazi, hospitali na maduka yako karibu, mtoto anaweza kwenda kazini Mombasa akarudi kula chakula cha jioni. Mjane mwenye vyumba viwili vya kupangisha Mtwapa hapigi hodi kwa shemeji yake kuomba unga. Hilo si jambo dogo, na sitaki mtu yeyote asome makala haya akadhani nalidharau.

Sasa nije Takaungu.

Nilikuwa nikiipenda Takaungu kabla sijailala. Mwanafunzi yeyote wa historia ya pwani ataijua. Mwaka 1837, Seyyid Said alipoivunja nguvu ya Wamazrui huko Mombasa, ukoo uligawanyika, wengine wakashika njia ya kusini hadi Gazi, wengine wakaja hapa. Mwaka 1895, alipofariki Liwali Salim bin Khamis, Waingereza waliingiza mkono wao katika urithi wa cheo, na mzozo wa mji huu mdogo ukawa vita vilivyotetemesha pwani mpaka mwaka uliofuata, Mbaruk bin Rashid alipovuka mpaka na kuingia upande wa Wajerumani. Leo hayo yote yamelala. Kuna hori, kuna minazi, kuna ngazi ya mawe ya kushukia majini, kuna makaburi na misikiti ya kale, na watoto wanaokuamkia "shikamoo" bila ya kujua wewe ni nani.

Isha ikaswaliwa, na ilipofika saa tatu mji ulikuwa umezima. Nilisikia kasia likigonga ubavu wa mtumbwi kule majini. Mshairi hupewa nini zaidi ya hicho? Niliandika beti tano usiku ule, jambo ambalo Mombasa hunichukua mwezi.

Asubuhi ndipo nilipoanza kukielewa kimya kile. Alfajiri safu ilikuwa moja na nusu, na aliyekuwa kijana kuliko wote alikuwa na mvi ndevuni. Nikatembea mjini. Nilipita nyumba tatu mfululizo zenye kufuli, na katika moja mpapai ulikuwa umeota ukumbini. Nikauliza wenyewe wako wapi. Mmoja Mombasa, mmoja Jeddah, mmoja amekufa na wanawe hawajaafikiana. Kumbe kimya nilichokisifia usiku, sehemu yake ni amani, na sehemu yake ni watu waliokwenda zao. Masikio ya mgeni hayawezi kuvitenganisha.

Mke wangu alipata hayo kwa haraka kuliko mimi. Tulipokuwa tukirudi garini nilimsifia utulivu, akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema: "Kimya chako wewe kina kibaraza cha msikiti. Changu mimi kina nini?"

Naliona haya. Wanaume tunapozungumza juu ya mji mtulivu, twazungumza kana kwamba mji ni mahali pa mwanamume kukaa na kikombe cha kahawa. Mwanamke akihamia mahali asipokuwa na dada, shangazi wala shoga wa utotoni, utulivu huo kwake ni kuta nne. Na akishikwa na maradhi usiku wa manane, hospitali kubwa iko Kilifi, na pikipiki si kitanda. Hizo ndizo hoja zake, na sikuweza kuzijibu kwa beti tano.

Hata hivyo alirudi tena, safari hii peke yake, akalala kwa mama mmoja wa mbali wa ukoo wake. Siku ya pili kulikuwa na hitima mtaani. Hakualikwa, aliburutwa. Akapewa kisu na kitunguu, na kufika adhuhuri alikuwa anajua nani ni mtoto wa nani, nani hasemi na nani, na kisima gani ni kitamu. Akaniambia: "Mtwapa nilikaa siku nne, jirani wa mlango wa pili sikumjua jina." Hakusema zaidi, na mimi nilikuwa na akili ya kutosha nisimwulize kama ameshindwa.

Waarabu wana msemo kwamba jirani hutafutwa kabla ya nyumba. Twaurudia sana harusini na vitini, lakini tunapokwenda kununua twamtafuta wakili, mpimaji na mtu wa benki, na jirani twamkuta baadaye kama mvua.

Hapa nataka nigeuke kidogo niende Lamu, maana kuna jambo kuhusu miji mitulivu ambalo Takaungu bado haijaliona kwa ukubwa wake, na Shela imeliona. Shela ni mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mji wa Lamu ukifuata ufuo. Msikiti wake wa Ijumaa una mnara wa mwaka 1829. Kijiji kile kilikuwa kimya kabisa, nyumba nyingi zikibomoka, hapo wageni kutoka Ulaya walipokipenda kwa sababu ya kimya hicho hicho. Wakanunua, wakatengeneza. Nami nasema kweli: walizitengeneza vizuri, kwa chokaa na boriti, na nyingine zingekuwa mawe chini leo kama si wao. Lakini nyumba iliyotengenezwa ikakaliwa wiki chache kwa mwaka si nyumba kwa jirani yake. Haina moto wa kuomba kaa, haina mtoto wa kutumwa dukani, haitoi mtu wa kubeba jeneza. Bei nayo ikapanda mpaka kijana wa Shela hawezi kununua Shela. Desturi ya Lamu ilikuwa kumpa binti nyumba anapoolewa. Leo baba wa Shela atampa nini, mchanga? Hata mchanga huo una kazi yake, maana chini ya machuguu yale ndiko yaliko maji matamu ya kunywa ya mji wa Lamu, na ujenzi umekuwa ukiyasogelea.

Msinielewe vibaya kwamba nawalaumu Wazungu peke yao. Katiba ya 2010 haimpi asiye raia zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Wanaofunga milango siku hizi ni sisi pia: mtu wa Nairobi, mtu wa Mombasa, ndugu yetu aliye Dubai. Kijana mmoja wa udugu wangu, afanyaye kazi Ghuba, aliniambia kwa simu: "Mjomba, nataka Takaungu, pazuri, niwe nakuja Desemba." Nikamwambia asinunue. Aliudhika. Lakini nilisema, na sasa nasema hadharani: anayetaka kununua katika mji mtulivu ili atie kufuli na kurudi Desemba, na aende Mtwapa. Mtwapa haina haja naye na wala haitamkosa. Mji ule hula watu 1,000 ukatapika 1,000 na asubuhi chai yachemka kama kawaida. Takaungu ina safu moja na nusu. Nyumba moja ikifungwa, watu watatu wamepungua.

Kuna na hatari nyingine katika mji mtulivu ambayo wengi hawaidhanii. Hudhani kimya cha juu ni dalili ya amani chini ya ardhi. Mara nyingi ni kinyume. Kote katika ukanda wa maili kumi wa pwani, waliopata hati za kwanza ni wale waliofika mbele ya maofisa kudai chini ya sheria ya mwaka 1908. Ambao hawakudai, ardhi yao ikahesabiwa ya serikali, hata kama babu zao ndio waliopanda miembe. Ndiyo maana unaweza kununua kiwanja chenye hati safi ukakuta watu wanaishi juu yake, na minazi ina mwenyewe mwingine kabisa, kwani kwetu mti na ardhi si lazima viwe vya mtu mmoja. Takaungu yenyewe ilikuwa na sheria yake ya dhamana ya ardhi ya Wamazrui ya mwaka 1914, ambayo Bunge liliifuta mwaka 1989, na jambo hilo likafika mahakamani. Mnunuzi yeyote upande ule asiridhike na karatasi aliyoonyeshwa chini ya mwembe. Aende ofisi ya ardhi mwenyewe, aulize kiwanja kilitoka wapi kabla ya muuzaji, na kabla ya huyo pia.

Tena aulize mambo mawili ambayo wakili wa Nairobi hatayakumbuka. Je, ni wakfu? Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi, na Mombasa kuna makamishna wa wakfu chini ya sheria ya 1951. Kuuliza hakuna gharama kubwa. Na je, mirathi imegawanywa? Tangu mwaka 1990 sheria ya urithi imeturuhusu Waislamu kurithishana kwa sharia yetu, na Kadhi yupo. Lakini bado kila mwaka nasikia nyumba imeuzwa na kaka mkubwa na mafungu ya dada zake yamo ndani yake. Anayenunua nyumba hiyo amenunua machozi ya watu, na siku moja mtoto wa yule dada atasoma sheria na kuja na barua.

Habari ya mkopo nitaipita upesi. Zipo benki za taratibu za Kiislamu nchini tangu 2008, ambazo huinunua nyumba pamoja nawe na wewe ukalipunguza fungu lao kidogo kidogo. Anayehitaji aende akasomewe mkataba neno kwa neno, asitosheke na jina la Kiarabu lililoandikwa juu ya mlango. Sisi tuliamua kununua kidogo kwa taslimu kuliko kikubwa kwa deni; umri wangu hauniruhusu kumwekea Mwenyezi Mungu ratiba ya miaka 15.

Basi tumefikia wapi? Mke wangu ameweka sharti, nami nimelikubali: hatununui mpaka tumeishi. Wanaotaka kununua wote huja kuitazama bahari katika kaskazi, maji ya samawati, upepo mwanana, wakatoa arubuni siku hiyo hiyo. Hawajaiona nyumba katika kusi, mwezi wa Juni, chumvi ikila bawaba na mvua ikitafuta tundu la bati. Tumepanga vyumba viwili Takaungu kwa miezi mitatu, kuanzia masika. Atapima mwenyewe umbali wa hospitali, si kwa maneno ya dalali bali kwa pikipiki na kwa saa, mara moja mchana na mara moja usiku. Akiona hapafai, tutakwenda Mtwapa, tutafute upande wa ndani mbali na barabara, nami nitaswali katika ile safu ya nne na kuandika mchana.

Dalali wa Takaungu aliposikia mpango huu alisema, "Shekhe, bei haitangoja miezi mitatu." Nikamjibu isingoje.

Jana jioni nilirudi nyumbani nikamkuta mke wangu ameufunua mlango wa baba, ameshika utepe wa fundi cherehani, anapima upana wa fremu. Nilimwuliza anaupimia nyumba gani. Akasema yoyote itakayokuwa, kwani mafundi wa siku hizi huacha nafasi nyembamba, na heri waambiwe mapema. Nikaushika utepe upande wa pili.